Nikielewa Nitatoka

Betri iliyovuja ina harufu yake, na aliyelelewa na redio ya betri haisahau. Juzi nilifungua tochi ya zamani iliyokuwa imetupwa chini ya meza yangu ya cherehani, na kabla sijaona ule unga mweupe ulioganda kwenye springi, harufu ikawa imeshanifikia: chumvichumvi na kutu, kama sarafu iliyofumbatwa na mkono wenye jasho. Mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekasirika tu. Na kweli nilikuwa nimekasirika, hasira ya zamani, nayo ilikuwa bado nzima kabisa.

Kijijini kwetu Chonyonyo betri zilianikwa. Msimu wa kahawa Mama alitandaza mkeka uani, akamwaga kahawa, kisha pembezoni mwa mkeka akapanga betri nne kubwa za redio zilizochoka. Alipopita kuigeuza kahawa kwa mguu, aligeuza na betri. Jioni zilirudishwa kwenye redio, na redio ikazungumza tena kwa sauti ya mtu aliyeamka na homa, mpaka matangazo ya vifo yaishe. Mama hakuwahi kukosa matangazo ya vifo. Mimi niliamini kwamba jua linaingia ndani ya betri kama maji yanavyoingia mtungini, na kwamba redio inalinywa kidogo kidogo hadi linakwisha.

Na mambo ya kunywa nilikuwa nayajua vizuri. Kwa babu yangu, upande wa chini wa kibanja chetu cha migomba, wanaume walikusanyika Jumapili baada ya misa kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mimi ndiye niliyekipitisha kibuyu. Kilianzia kwa mkubwa kuliko wote. Mkubwa alivuta kwa mrija wake bila haraka, macho kayafumba, kisha kibuyu kikaenda kwa anayemfuata kwa umri, hivyo hivyo kuzunguka duara. Aliyekaa mwisho, karibu na mlango, alikuwa mjomba wangu mdogo. Yeye aliambulia machicha, na kila Jumapili alilalamika, na kila Jumapili hakuna aliyemsikiliza. Niliona wazi kabisa kwamba dunia imepangwa hivyo. Kinachozunguka kinapungua, na wa kwanza anapata zaidi.

Kwa hiyo Mwalimu Rwegasira alipotuuliza kuhusu balbu, mimi jibu nilikuwa nalo tayari.

Alikuwa kijana aliyetoka chuo karibuni, mvaa tai hata siku za vumbi, na alikuwa peke yake kwa fizikia na hesabu katika shule nzima. Maabara hatukuwa nayo. Kulikuwa na chumba kilichoandikwa maabara mlangoni, na ndani mlihifadhiwa majembe. Basi akatupa jaribio, kidato cha tatu sote. Alichora ubaoni betri na balbu tatu za aina moja zilizofungwa kwa mfululizo, yaani waya unatoka kwenye betri, unapita balbu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kurudi ulikotoka. Akauliza, kwa Kiingereza, maana kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza: ipi itawaka kuliko nyingine? Eleza sababu.

Nilieleza. Sijawahi kueleza kitu kwa raha kama siku ile. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikikokota ukurasa mzima, na nilipokabidhi karatasi nilijua nimepatia.

Aliporudisha majaribio, langu alibaki nalo mkononi. Akalisoma mbele ya darasa, akilitafsiri kwa Kiswahili ili asiwepo wa kukosa utamu.

"Balbu ya kwanza itawaka kuliko zote," alisoma, "kwa sababu iko karibu na betri, inakunywa kwanza. Ya pili inakunywa kilichobaki. Ya mwisho inapata machicha."

Watu walivunjika mbavu. Wavulana wa nyuma walipiga madawati. Mwalimu akasubiri kelele zipungue, akanitazama. "Kokushubira, hapa tunafundisha fizikia au tunauza rubisi?"

Toka siku hiyo jina langu lilikuwa Rubisi. Hata watoto wa kidato cha kwanza, ambao balbu hawakujua habari zake, waliniita Rubisi.

Lakini jina silo lililonichoma. Mwalimu alipomaliza kugawa karatasi alitangaza kwamba uongozi umeamua kuinua wastani wa shule. Waliopata chini ya kiwango katika fizikia wataiacha, watabaki na historia, jiografia na masomo mengine ya upande ule. Wabebe vitu vyao wahamie chumba cha pili. "Mlango uko wazi," akasema, na kweli ulikuwa wazi, jua la asubuhi limeingia hadi kwenye dawati la mbele.

Wakatoka. Karibu wote walikuwa wasichana. Nasema hivi bila kumwonea mtu haya: wastani wa shule ndio uliokuwa mgonjwa wao, na dawa waliyoiona ni kututoa sisi. Asimwe, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, alikusanya madaftari yake taratibu. Hesabu alizijua kuliko mimi na kuliko wavulana wengi waliokuwa wakicheka. Swali la balbu aliliacha tupu, si kwa kutojua, bali kwa kukaukiwa na Kiingereza cha kuelezea. Alipofika mlangoni aligeuka kuniangalia, akiona nachelewa.

Mimi sikunyanyuka.

"Wewe Rubisi, hukusikia?" mwalimu akauliza.

"Nimesikia, mwalimu."

"Sasa?"

"Umesema nimekosa. Hujasema kwa nini nimekosa."

"Kwa sababu mkondo wa umeme kwenye mfululizo ni ule ule kila mahali. Balbu zote zinawaka sawa. Iko kwenye kitabu."

"Kwa nini ni ule ule?"

Akagonga ubao kwa chaki. "Kwa sababu ndivyo ulivyo. Toka."

"Nikielewa nitatoka, mwalimu."

Watu wanaposikia habari hii huniambia nilikuwa jasiri. Hapana. Chini ya dawati sketi nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Ila hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, basi. Kama amenicheka mbele ya watu wote, angalau aniache nikiwa najua nimechekewa nini. Mwalimu akasema nikae nitakavyo, ila Jumatatu nije na mzazi ofisini kwa mkuu wa shule.

Jumamosi nilimfuata Asimwe kwao. Baba yake alikuwa na kiduka cha chumvi, sabuni na tochi.

"Niachie balbu tatu," nikamwambia. "Za aina moja."

"Mimi nimeshatoka fizikia, Koku. Usinihangaishe."

"Umetoka kwa kupenda?"

Aliingia ndani akatoka na ngumi imefumbwa, tukashuka kwetu mbio. Mama alikuwa shambani akipalilia maharage. Tulichukua betri zote nne kutoka kwenye redio, zikiwa na joto bado la jua la jana kwa jinsi nilivyofikiri, tukaingia jikoni, ambako hata mchana kuna giza kwa sababu ya moshi. Tukazipanga betri kwenye kipande cha mwanzi kilichopasuliwa, tukafunga waya wa redio mbovu kwa kamba za mgomba, tukashikilia balbu kwa vidole. Ilichukua muda. Waya mmoja ukishika, mwingine unachomoka, Asimwe akitukana kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, maneno ambayo sikujua anayajua.

Kisha zikawaka. Kinyonge, rangi ya kiini cha yai, lakini zikawaka, na zote tatu sawa.

Nilikataa. Nikasema tumekosea. Tukaitoa ya mwisho tukaiweka mwanzo. Sawa. Tukazigeuza betri upande wa pili ili ya mwisho ndiyo iwe ya kwanza. Sawa. Nikachomoa ya katikati, zote zikazima mara moja. Nilikaa chini kwenye majivu na machozi yakinitoka, na moshi nikausingizia.

Asimwe alikuwa ameinama bado, uso karibu na balbu.

"Hazinywi," akasema. "Zinapitiwa tu."

"Vipi zipitiwe?"

"Kama watu tunaokwenda kanisani kwenye kile kinjia cha katikati ya migomba. Wanaoingia juu ndio hao hao wanaotokea chini. Hakuna anayeliwa njiani. Wanachoka tu, kila kilima kinawachosha. Na mmoja akisimama, wote wanasimama."

Niliiona. Nakwambia niliiona kwa macho, mstari wa watu na kanga na viatu vilivyoshikwa mkononi, wakipita kati ya migomba bila kupungua. Kinachogawanywa si watu, ni nguvu za kupanda vilima. Balbu tatu, vilima vitatu vilivyo sawa. Kumbe kibuyu cha babu hakikuhusika kabisa. Nilicheka mpaka Asimwe akanipiga kofi la mgongo, na ndipo betri zikafa.

Jioni ile redio ilinyamaza katikati ya matangazo ya vifo. Mama aliitikisa, akaitikisa tena, kisha akanitazama. "Mawe, mama yangu! Koku, mtu wetu akifa leo nitajulia wapi?" Nikamweleza kila kitu: balbu, jaribio, jina la Rubisi, mlango, Jumatatu. Alisikiliza huku akimenya ndizi. Nilidhani nitachapwa. Akasema tu kwamba Jumatatu atavaa kitenge kipya.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Mama alimwamkia, "Shikamoo, mkuu," naye Mwalimu Rwegasira akamwamkia Mama, "Shikamoo, mama," kwa adabu kabisa. Lazima niseme hivyo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeachiwa shule nzima na kitabu kimoja.

Alieleza kesi yake. Mtoto ni mzito wa fizikia, atajiaibisha kwenye mtihani wa taifa, na wengine wote wametii, ni yeye tu aliyegoma. Mkuu akamgeukia Mama. "Mama, unasemaje?"

"Waitu, mkuu wetu, mimi umeme siujui," Mama akasema. "Kwangu hata nguzo haijafika. Lakini mtu akiwa kwenye shamba lako na jembe mkononi, anasema hajamaliza kulima, wewe unamfukuzia nini?"

Mkuu akakohoa. Mwalimu akatabasamu, na ndipo alipotega mtego wake. "Ila mkuu, mwenyewe alitoa neno mbele ya darasa. Alisema akielewa atatoka. Kokushubira, sasa umeelewa kwa nini balbu zinawaka sawa?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimekaa siku mbili na kile kinjia kichwani, sikuweza kukizuia. "Nimeelewa," nikasema, na nikawaeleza, watu na vilima na yote. Nikamaliza kwa kusema, "Siyo mimi niliyegundua. Ni Asimwe."

"Asimwe yupi?" mkuu akauliza.

"Yule mliyemwambia mlango uko wazi."

Hapo ofisi ikawa ndogo. Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa tai ya mwalimu, nadhani bila kujua ni ya nani, akasema twende darasani, nipewe maswali ubaoni, tumalize. Tukaenda. Wenzangu walinyanyuka kusalimia wakaketi, na madirishani zikajaa sura za chumba cha pili. Mama alipewa kiti mbele kama mgeni wa mahafali.

Mwalimu aliandika: betri ya volti kumi na mbili, rezista mbili, yaani vizuizi vya mkondo, kwa mfululizo, moja omu mbili, nyingine omu nne. Tafuta mkondo. Nikashika chaki. "Vilima viwili vinajumlishwa," nikaanza.

"Kwa Kiingereza," mwalimu akasema.

Nilijaribu. Neno la kwanza likatoka, la pili likakwama, na nikasikia mtu nyuma akinong'ona, Rubisi. Nikageuka. "Mwalimu, nikisema kwa Kiingereza nitakosa Kiingereza, sitakosa fizikia. Unanipima kipi?"

"Aseme anavyojua," mkuu akasema.

Basi nikasema ninavyojua. Mbili na nne ni sita. Kumi na mbili gawanya kwa sita ni mbili. Mkondo ni ampea mbili, mwanzo, katikati na mwisho. Akaniwekea nyingine, betri ile ile, omu tatu na omu sita, safari hii kwa sambamba. Nikasema hapa njia zimegawanyika, watu wanapita pande mbili, kwa hiyo njia inakuwa rahisi kuliko hata ile rahisi peke yake. Nilikwama kwenye hesabu za sehemu, nikafuta kwa kiganja, nikarudia. Omu mbili. Ampea sita. Mama alipiga kofi moja la furaha, akaona aibu, akashika mikono yake.

Mwalimu aliutazama ubao muda mrefu. Kisha akaandika swali la tatu, la uga wa umeme. Uga ni lile eneo linalozunguka chaji, ambamo chaji nyingine ikiingia inasukumwa au inavutwa hata kabla haijaguswa. Akauliza: ukiwa mita moja kutoka kwenye chaji, uga una nguvu fulani. Ukirudi nyuma hadi mita mbili, unabaki kiasi gani?

Nikafikiria moto wa jikoni kwetu. Ukiwa karibu unaungua, ukisogea nyuma unapoa. Umbali mara mbili. "Nusu," nikasema.

"Robo!" Mwalimu aliisema kwa nguvu hata chaki ikamponyoka. "Robo, mkuu. Unaona?"

Darasa likaguna. Nilimwona Mama akinitafuta usoni ajue kama hilo ni baya. Mimi nilikuwa nautazama ubao. Robo? Kwa nini robo? Nilitembea hadi kwenye dawati langu, nikaketi, nikaweka mikono juu ya meza.

"Unafanya nini?" mwalimu akauliza.

"Mwalimu, nilisema nikielewa nitatoka. Hili sijalielewa."

Aliyeanza kucheka ni mkuu wa shule. Alicheka kwa tumbo, ameshika fremu ya mlango, hadi darasa zima likafuata, na safari hii hawakuwa wakinicheka mimi. Mwalimu Rwegasira hakucheka. Aliangalia neno robo, akaniangalia, na nikaona usoni mwake kitu ambacho sikukielewa nikiwa mtoto. Leo nafikiri alikuwa anajiuliza kama mwenyewe aliwahi kuuliza kwa nini.

Nilibaki. Nilikaa kwenye fizikia hadi mwisho, na kwenye mtihani wa taifa nikapata D. Msinihurumie. D ni ufaulu, na ile ilikuwa yangu, niliipata kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na betri za Mama. Haijawahi kunipa kazi hata ya siku moja. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare na magauni ya harusi, na wateja wakiiona imeandikwa kwenye cheti nilichokitundika ukutani huniuliza ilinisaidia nini. Swali lenyewe linaniudhi. Mvulana akijua umeme unavyopita haulizwi umemsaidia nini. Nilitaka kujua, nikajua. Yeyote anayetaka nilipie kwa faida nyingine aende akashone kwingine.

Lakini kesho ya maswali yale ya ubaoni, ile Jumanne, sikuwa na ushindi wowote wa kuringia. Nilikaa peke yangu kwenye dawati la watu wawili, wavulana mbele na nyuma, nikijua kwamba nitakaa hivyo hadi kidato cha nne. Mwalimu aliingia bila kitabu. Alikuwa amebeba tochi. Akafunga madirisha ya upande mmoja, akamulika ukutani kutoka karibu, akachora kwa chaki duara la mwanga. Akarudi nyuma umbali mara mbili, akachora tena. Duara la pili lilikuwa limepanuka mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu.

"Mwanga ni ule ule," akasema, kwa Kiswahili. "Sasa umetandazwa kwenye ukuta mkubwa mara ngapi?"

Mimi nilikuwa bado nahesabu.

"Mara nne," sauti ikasema kutoka mlangoni. "Kwa hiyo kila mahali kunabaki robo."

Asimwe alikuwa amesimama kizingitini na madaftari yake yote kifuani, kama siku ile alipotoka. Mwalimu alizima tochi. Nilidhani atamfukuza, na Asimwe naye nadhani alidhani hivyo.

"Wewe si umehamia chumba cha pili?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na hili umeshalielewa. Umefuata nini hapa?"

"Nimefuata yanayobaki."

Mwalimu akageukia ubao, akaanza kufuta. Asimwe alipita katikati ya madawati bila kumtazama mtu, akafika kwangu, akasimama.

"Sogea," akasema.